Dola 10 za kuandikwa, na kesi ya kweli ya dawa ya majani

Maneno ya mama anayeshughulikia mambo ya sheria kwenye kamati, mbele ya wanachama, Baraka. Tumeyaacha vile alivyoyasema, tumepunguza marudio tu.



Niliombwa niseme juu ya kesi ya dawa ya majani kule Marekani. Nitaanza na dola 10, juu najua ndiyo iliyowaleta wengi leo. Kwenye mikutano ya michango hatujaagi hivi.

Tangu mwezi uliopita kuna mtu anapita na daftari, hapa mjini na kwenye vijiji vya kandokando ya barabara. Anaandika majina ya watu waliowahi kupuliza dawa ya kuua majani mashambani. Anasema kule Marekani kampuni imehukumiwa kulipa miliari za dola, na kwamba kila aliyebeba pompi mgongoni ana sehemu yake, ikiwa atalipa dola 10 za kuandikwa. Humu ndani watu 14 wamelipa. Sitataja majina. Mimi mwenyewe alinikuta nyumbani, akanionyesha karatasi yenye bendera na mhuri, na nilikuwa nimeshaanza kufungua kitenge nitoe feza. Kilichonizuia ni kwamba sikuwa na dola 10, nilikuwa na 6.

Ubaya wa maneno yake ni kwamba nusu ni kweli. Kama yangekuwa uongo mtupu tungemfukuza siku ile ile. Kwa hiyo leo nataka tuichukue ile nusu ya kweli, tuiangalie vizuri, halafu kila mtu ajionee mwenyewe kama kuna mahali pa dola 10 ndani yake.

Ukweli ni huu. Kule California kuna mji unaitwa Benicia. Bwana mmoja, Dewayne Johnson, alikuwa mfanyakazi wa shule za pale, kazi yake kutunza viwanja. Kuanzia 2012 alipuliza dawa ya majani kwenye viwanja vile. Dawa iliitwa Ranger Pro, ni ndugu ya ile Roundup, zote za kampuni Monsanto, na ndani yake mna kitu kinaitwa glifosati. Alisimulia kwenye tribinali vile mashine iliharibika dawa ikamlowesha mwili. Mwaka 2014, akiwa na miaka 42, waganga wakamkuta na kansere (saratani, kama tulivyozoea kusema Nyarugusu) ya aina inayoitwa limfoma isiyo ya Hodgkin. Mushike hilo jina, litarudi. Ni kansere ya chembe za damu zinazolinda mwili; mara nyingi inavimbisha tezi za shingoni, kwapani ao kinenani. Yake yeye ilitoka kwenye ngozi.

Bwana Johnson alipigia kampuni telefoni kuuliza kama ile dawa inaweza kuwa ndiyo sababu. Akashitaki 2016. Sheria ya California inamruhusu mgonjwa aliye karibu kufa asikilizwe mbele ya wengine, kwa hiyo kesi yake ndiyo ilikuwa ya kwanza kufika mwisho. Tarehe 10 ya mwezi wa 8, 2018, kule San Francisco, juri ikasema kampuni imulipe dola milioni 289. Juri si majaji. Ni raia wa kawaida, fundi, mwalimu, mama wa sokoni, wanaoitwa na tribinali kusikiliza kesi na kukata neno.

Na walisema nini? Hapa ndipo watu wengi wanapita mbio. Walisema kampuni haikumwonya mtumiaji. Kesi kubwa haikuwa tu kama dawa ni mubaya ao ni muzuri. Ilikuwa juu ya etiketi, ile karatasi iliyobandikwa kwenye bido. Mtu alipuliza bila kuambiwa hatari ambayo, kwa maoni ya juri, kampuni ilipaswa kuijua na kuiandika.

Sasa tufuate ile feza. Milioni 289 ndiyo iliyoandikwa kwenye magazeti ya dunia nzima, ndiyo iko kwenye karatasi ya bwana wa daftari. Mwezi wa 10 mwaka ule ule jaji akaipunguza mpaka milioni 78,5. Kampuni ikakata rufaa. Mwezi wa 7, 2020, tribinali ya rufaa ikasema kampuni kweli ina kosa, lakini feza ishuke mpaka milioni 20,5. Na hapo avoka hajachukua sehemu yake. Mwaka 2019 kulikuwa na mzee na mke wake, juri ya Oakland ikawapa zaidi ya miliari 2. Jaji akashusha mpaka karibu milioni 87. Sisemi ni feza kidogo. Nasema yule anayekutajia miliari 2 amesoma ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Kampuni Bayer ya Ujeremani ilikuwa imeinunua Monsanto 2018, ikarithi na kesi zake. Mwaka 2020 watu waliokuwa wanadai walikuwa wamefika karibu 125 000, na Bayer ikatangaza kutoa mpaka dola miliari 10,9 ili kumaliza sehemu kubwa ya madai yale kwa mapatano, bila kukubali kosa. Hiyo ndiyo miliari munayoisikia. Lakini si sanduku lililo wazi ambalo kila mtu anaingiza mkono. Ni mapatano na watu waliokwisha kuwa na avoka, na dosye, na karatasi ya munganga. Kesi nyingine ziliendelea, na tangu 2021 kampuni imeshinda nyingi mbele ya juri. Mutu anaweza kuwa mgonjwa kweli, kuwa na avoka muzuri, na kutoka pale mikono mitupu.

Jambo lingine: kila mgonjwa ana kesi yake. Kesi zilizoingia kwenye tribinali za serikali kuu zilikusanywa tangu 2016 kwa jaji mmoja wa San Francisco, Vince Chhabria, ili maswali yanayofanana yajibiwe pamoja. Watu wakisikia "zimekusanywa" wanafikiri ni kama liste ya chakula, jina likiwa mle utapata. Hapana. Kila mmoja bado anapaswa kuonyesha ugonjwa wake, dawa aliyotumia yeye, miaka yake.

Nitoke sasa kwenye mambo ya magazeti niingie ya nyumbani. Mdogo wa mume wangu tulikuwa naye Nyarugusu, munamjua, alikuwa anacheza mpira na hawa waliokuwa vijana wakati ule. Mwaka 2016 yeye na mke wake wakapanda ndege, wakapelekwa Kentucky. Sisi tukarudi huku. Kule alipata kazi kwenye kampuni ndogo ya kukata majani: makaburini, kwenye maegesho ya maduka, pembeni ya barabara. Penye mashine haifiki, wanapuliza. Amefanya hivyo miaka 5.

Siku ya Mungu moja akapiga telefoni. "Shemeji, munganga anasema niko na limfoma. Na huku kwenye televizyo kuna matangazo kila siku, banasema kama ulipulizaka hii dawa, piga namba. Mi naogopa, isikuwe ni wezi. Nipige ao niache? Nilisema niulize kwanza familia."

Nikamuuliza: ulijua lini ugonjwa? Akasema miezi 9 imepita.

Mimi si avoka. Nimekaa tu miaka mingi nikisaidia watu na dosye za mashamba. Nikamwomba siku 2. Nikaenda kwa avoka mmoja wa huku, na mpwa wangu aliye kule akasoma sheria za mahali. Jibu lilinitoa jasho. Kila jimbo la Marekani lina muda wake wa kushitaki. California ni miaka 2. Kentucky ni mwaka 1. Mara nyingine wanahesabu toka siku ulipojua, ao ulipopaswa kujua, kwamba ugonjwa una uhusiano na ile dawa; lakini hapo avoka wa kampuni atabishana na wewe kila siku moja. Shemeji alikuwa amebakiza miezi 3, na alikuwa anaitumia kwa kuuliza familia, kwa adabu, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Nikampigia saa 4 ya usiku kwa saa za huku nikamwambia: "Mambo ya kuuliza wakubwa imekwisha. Piga kesho asubuhi."

Akapiga. Walichomwomba nitawaeleza, juu ndicho kinachotenganisha kesi ya kweli na daftari la dola 10.

Kwanza waliomba karatasi ya lopitali yenye jina kamili la ugonjwa. Kansere ya tumbo, ya titi, ya kizazi, hawazipokei kwenye kesi hizi. Wanataka ile limfoma isiyo ya Hodgkin na jamaa zake wa karibu. Na haitoshi munganga kuandika. Lazima awe alikata kipande cha nyama ya tezi kikapimwa, na kipande kile kinabaki kwenye kioo kule lopitali, avoka wa pande zote mbili wanaweza kuomba kukitazama.

Halafu wakaomba alama za kazi. Hapa, ndugu zangu, nilijivunia kidogo. Shemeji ana karatasi za mshahara za miaka yote 5. Ziko kwenye ule mfuko wa plastiki tunaoujua sisi wote, pamoja na kadi ya posho ya Nyarugusu na cheti cha ubatizo. Mutu aliyekaa kambini hatupi karatasi. Wamarekani aliofanya nao kazi hawana hata moja.

Kilichomshinda ni jina la dawa. Alikuwa anakumbuka rangi ya kifuniko. Kampuni yake ilikuwa inanunua dawa za aina mbili, tatu, kufuatana na bei, na avoka akamwambia wazi: "rangi ya kifuniko" haishitaki mtu. Aliyemwokoa ni mwenzake Mumexico aliyekuwa na picha kwenye telefoni, wamesimama wanacheka pembeni ya gari, na nyuma yao bido zimepangwa, etiketi zinasomeka.

Feza ya kuanza: hakulipa hata senti. Avoka wa kesi hizi analipwa mwishoni, akishinda. Anachukua sehemu ya tatu, wengine mpaka 40 kwa mia, halafu anatoa gharama zake za wataalamu na safari. Na bima iliyolipa lopitali inaweza kudai irudishiwe yake mbele ya mgonjwa kugusa chochote. Muone sasa tofauti. Yule avoka ndiye anayehatarisha feza yake, ndiyo maana anachunguza dosye kama anayenunua ngombe, na dosye isiyo na karatasi anaikataa. Huyu wa huku hakuuliza mtu yeyote kati yenu kama ni mgonjwa. Aliuliza kama una dola 10.

Nilimkaripia shemeji kwa jambo moja. Alitia sahihi mkataba wa kurasa 11 wa Kiingereza, aliyemtafsiria ni mtoto wake wa miaka 12. Mtoto anajua Kiingereza cha shule, hajui "asilimia baada ya gharama". Muwaambie ndugu zenu wa kule: ombeni mkalimani wa Kiswahili, na mukisikia anasema Kiswahili ambacho hamukielewi, semeni, si aibu. Maana itakuja siku avoka wa kampuni watamketisha na kumuuliza masaa mengi, chini ya kiapo: ulivuta sigara? baba yako alikufa na nini? kule kambini mulipuliziwa dawa gani ya mbu? Jibu moja lililotafsiriwa vibaya linaweza kuharibu dosye nzima.

Dosye yake imepokelewa, ndani ya muda. Hajalipwa kitu. Anaendelea na matibabu.

Najua kuna swali, baba Pastere ameshaniuliza pale nje: basi hii dawa inaleta kansere ao hapana? Nitawaambia vile ilivyo. Mwaka 2015 wataalamu wa shirika la utafiti wa kansere lililo chini ya OMS waliiweka glifosati kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vinaleta kansere kwa mutu. Ofisi ya Marekani inayoangalia mazingira inasema haielekei kuleta kansere ikitumiwa vile ilivyoandikwa. Na Ulaya 2023 waliiruhusu miaka 10 tena. Wakubwa hawakubaliani. Kwa nini basi watu wanashinda? Juu tribinali ya madai haiulizi kitu kilichohakikishwa mia kwa mia. Inauliza: kwa mgonjwa huyu, ushahidi unaelemea upande gani? Juri moja ikiona umeelemea huku hata kidogo, imetosha. Juri nyingine, ushahidi ule ule, inaona kinyume. Ndiyo maana kuna walioshinda na walioshindwa.

Sasa sisi. Mutu aliyepulizia mahindi yake Mutambala anaweza kushitaki San Francisco? Bwana wa daftari anasema ndiyo. Niwape mfano. Maelfu ya wafanyakazi wa mashamba, wengi wa ndizi, kutoka nchi 12, ndani yake Wafrika wa Côte d'Ivoire na Burkina Faso, walishitaki kampuni kubwa kule Texas juu ya dawa ya kuua minyoo ya udongo. Wanaume walisema iliwaondolea uwezo wa kuzaa. Hao walikuwa na avoka wa kweli. Mwaka 1995 jaji wa Houston akawaambia: jambo lilitendeka kwenu, lihukumiwe kwenu. Kama hao walirudishwa, jina lililoandikwa kwa Bic kwenye daftari litafika wapi?

Tena kuna jambo la dawa yenyewe. Hati ya Monsanto ya kutengeneza glifosati peke yake iliisha kule Marekani mwaka 2000. Toka hapo viwanda vingi vya dunia vinaitengeneza, kwa majina mbalimbali. Ile tunayoipima sokoni kwa chupa ya maji ya nusu lita, nani aliitengeneza? Hata muuzaji hajui. Shemeji alikosa jina akiwa na etiketi mbele yake miaka 5. Sisi etiketi yenyewe hatujawahi kuiona.

Haina maana kwamba huku hatuna sheria. Code civil yetu, kitabu cha 3, kifungu cha 258, inasema kila tendo la mutu linaloleta hasara kwa mwingine linamlazimisha mwenye kosa kulipa. Ila lazima uonyeshe kosa, uonyeshe hasara, na uonyeshe kwamba hii ilitoka kwa lile. Ufaransa, ambako sheria yao ni ndugu ya yetu, mkulima mmoja, Paul François, alivuta hewa ya dawa ya majani inaitwa Lasso mwaka 2004 alipokuwa anaangalia tangi la mashine. Haikuwa kansere, ilikuwa mishipa na kichwa. Alishinda Lyon 2012, akashinda tena kwenye rufaa, tribinali ya juu ikavunja, akarudi akashinda 2019: wakasema etiketi ilikosa maonyo. Etiketi, tena. Feza ilikatwa 2022: euro elfu 11 na kidogo, yeye alikuwa ameomba zaidi ya milioni 1. Miaka 18. Na huyo ana shamba kubwa, anaandika Kifaransa kuliko sisi sote humu.

Kwa hiyo kamati inaomba mambo machache, na Prezida amekubali.

Wale 14 waje kwa katibu, waseme siku na kiasi. Kamati itapeleka barua kwa wakubwa wa mji. Kurudishiwa siwezi kuwaahidi.

Mwenye ndugu Marekani aliyefanya kazi ya majani ampigie juma hili, si la pasaka. Amuulize kama ni mgonjwa na ugonjwa gani kwa jina, na ulijulikana lini. Aliye muzima atunze karatasi za mshahara na apige picha ya bido anayotumia. Asiye na inite ya kupiga aje, chama kitatoa.

Huku kwetu, tununue bido lenye etiketi, hata kama ni watu 5 tunachanga. Etiketi ibaki kwa mmoja, na tarehe na shamba viandikwe. Chupa ya maji ya kunywa isitiwe dawa tena. Mwaka huu tumeshazika mtoto mmoja kwa sababu hiyo na sitasema zaidi, mama yake yuko humu. Pompi isioshwe ziwani penye wamama wanateka maji. Na mwenye uvimbe wa tezi usiouma unaokaa majuma na majuma, asingoje maombi yaishe, aende apimwe. Kipande kitapelekwa mbali, Bukavu ao zaidi, na mfuko wa wagonjwa unaweza kusaidia nauli.

Daftari la chama liko pale mezani. Kuandikwa ni bure. Kalamu mulete zenu, ile ya katibu imekauka tangu Alhamisi.